Dakika Saba za Verlin

"Kimefutwa, mama," alisema mhudumu wa kaunta. "Kigari chako kilifutwa tangu Jumanne."

Arlene Stumpf akamkazia macho. Ilikuwa saa tatu na dakika tano asubuhi, ukumbi wa Hoteli ya Cypress umejaa watoto wanaopiga kelele, na yeye alikuwa amesimama pale mkoba begani, kofia kichwani, amejipaka mafuta ya jua mpaka masikioni, tayari kwa siku aliyoingoja mwaka mzima.

"Binti yangu, hebu angalia tena. Stumpf. Kigari cha umeme, kile cha kukalia. Nilikiagiza kwa simu nikiwa jikoni kwangu Ohio. Mkaniambia leo saa mbili kitakuwa hapa."

"Ni kweli uliagiza, mama. Halafu Bwana Verlin Stumpf akapiga simu akakifuta." Binti akashusha sauti. "Na vya kwetu wenyewe vyote vimeshachukuliwa. Pole sana."

Arlene akageuka. Bwana Verlin Stumpf, mume wake wa miaka arobaini na minne, alikuwa kwenye mtambo wa kahawa anajaza kikombe chake kikubwa cha plastiki, kile unachonunua siku ya kwanza halafu unakijaza bure mpaka siku ya kuondoka. Alikuwa anapiga mluzi.

"Verlin!"

"Naam, mama."

"Kigari changu kiko wapi?"

Mluzi ukakatika. Akafunga mfuniko wa kikombe, akaubonyeza mara mbili tatu, kama vile jibu lilikuwa mle ndani.

"Aa, kile. Nilikuondolea usumbufu, mke wangu. Kigari cha nini na sisi tuko Cypress? Ni dakika saba tu mpaka getini."

Dakika saba! Kama kuna maneno mawili Arlene aliyachukia duniani, ni hayo.

Verlin alikuwa mpima ardhi wa serikali kwa miaka thelathini na mitatu. Siku aliyostaafu alirudi nyumbani na nusu ya keki, saa ya ukutani, na gurudumu lake la kupimia, lile lenye mpini mrefu na kisanduku cha namba. Mtu mwingine angelitupia stoo. Verlin akalibeba mpaka Florida, kwenye bustani ya michezo ya Halcyon, ambako wao na watu wa aina yao huenda kila mwaka. Kwenye ardhi ya Halcyon, nje ya geti la bustani yenyewe, kuna hoteli tatu, Regatta, Cypress na Sunburst, na kwa miaka tisa huyu bwana alizilinganisha hizo hoteli mpaka wenye hoteli wenyewe wangeona haya. Alipima kutoka kila lifti mpaka bwawa la kuogelea. Alihesabu mito ya kitandani. Alisimama bafuni na saa mkononi, uchi wa mnyama, akingoja maji yapate moto. Yote aliyaweka kwenye jedwali, jedwali akaliweka mtandaoni, na watu wakalipenda. Pakazuka klabu. Watu elfu kumi na moja, watu wazima na akili zao, hawapangi chumba Halcyon kabla ya kusoma Verlin Stumpf kasemaje.

Na Verlin alisema Cypress. Kila mwaka Cypress, kwa sababu ya safu moja tu ya lile jedwali: kutoka mlangoni mpaka getini kwa miguu, dakika saba. Regatta ni nzuri kuliko zote, lakini eti unangoja boti. Sunburst unangoja basi. Cypress unajitembelea mwenyewe. Wanaklabu walikwenda mbali zaidi wakachapisha fulana za manjano zenye namba 7 kubwa kifuani, na Verlin alikuwa amevaa ya kwake asubuhi hiyo.

Dakika saba za nani? Hilo hakuna aliyeuliza. Verlin ana miguu kama korongo, na alipima saa kumi na mbili na nusu alfajiri, njia nyeupe, hakuna hata paka.

Arlene, kwa upande wake, alikuwa mpishi wa shule katika mji wao wa Wapakoneta, Ohio, na alivuta sigara miaka ishirini na miwili nyuma ya lile jiko. Aliacha, lakini mapafu yalikuwa yameshakwenda. Sasa alitembea hatua mia moja, akakaa. Mia nyingine, akakaa. Hakumlaumu mtu kwa hilo. Mwaka huu aliomba kitu kimoja tu: walale Regatta, pale boti inapokuchukulia mlangoni na kukushusha getini. Aliomba, jamani, hakudai. Verlin akamjibu, bila hata kuinua uso kwenye kompyuta, "Regatta ina alama themanini na mbili, Cypress ina tisini na moja. Hesabu ni hesabu, mama." Basi Arlene akanyamaza, akaagiza kigari chake.

Kwa nini mwaka huu? Kwa sababu ya Brenna. Brenna, mjukuu wao, miaka kumi na sita, ndiye anayepiga ngoma kubwa kuliko zote kwenye bendi ya shule yao, na bendi ilikuwa imekubaliwa kupiga gwaride kwenye barabara kuu ya Halcyon. Mara moja tu. Saa tatu na dakika arobaini, mwendo wa dakika nne, kwisha. Nauli ya bendi ilitokana na kuuza machungwa nyumba kwa nyumba kwenye theluji ya Desemba, na Arlene, na mapafu yake hayo, aliuza makasha arobaini na moja. Suruali ya sare ya Brenna aliirefusha yeye, mara mbili, kwa sababu mtoto hakuacha kurefuka.

"Siruhusiwi kugeuza shingo, Bibi," Brenna alikuwa amemwambia. "Macho tu. Kwa hiyo simama kwenye nguzo ya taa ya tatu, kulia, mbele ya duka la pipi. Nikifika hapo nitageuza macho nikuone. Usinikose."

"Nikukose? Thubutu!" Arlene alijibu.

Na sasa alikuwa amesimama ukumbini bila kigari.

"Verlin, ulijua. Uliniona napanda ngazi za kanisani. Ulijua kabisa."

"Mama, punguza sauti."

"Sipunguzi! Ulifuta kigari changu kwa sababu gani?"

Verlin akatazama huku na huku. Walikuwepo wawili watatu wenye fulana za manjano, wanampungia mkono. "Sikiliza," alinong'ona. "Leo mchana nina mkutano wa klabu hapa hapa. Watu wamekuja kutoka majimbo kumi na mawili. Mke wangu mimi aonekane anakwenda getini kwa kigari? Watasemaje?"

Lo! Arlene alitaka kumjibu, na jibu alikuwa nalo, tena la kukata. Lakini akaangalia saa ya ukutani: saa tatu na dakika kumi na mbili. Kugombana kunataka pumzi, na pumzi alizokuwa nazo zilikuwa za kuhesabu.

"Twende," alisema.

Njia ya Cypress inapita kando ya ziwa, halafu inapanda daraja, halafu inashuka kwenye foleni ya kukaguliwa mikoba. Ni nzuri, mwenye kuisifia aisifie. Arlene alipita benchi la kwanza bila kukaa, kwa ubishi, na kosa hilo akalilipia kwenye la pili. Alikaa pale kifua kinapanda na kushuka huku vigari vya watoto vikimpita, mabibi wenye fimbo wakimpita, na mtu mmoja aliyebeba mtoto mabegani na mwingine mgongoni naye akampita. Verlin alisimama mbele yake anaangalia saa. Hakuangalia uso wa mkewe hata mara moja, aliangalia saa.

"Tulikuwa tunakwenda vizuri," alisema.

"Usiniongeleshe."

Kwenye mpando wa daraja miguu ikagoma kabisa. Ilikuwa saa tatu na nusu. Verlin alikuwa ameshatangulia hatua kumi. Akarudi, akajikuna shingo.

"Basi nifanye hivi, mama. Mimi nitangulie nikushikie nafasi kwenye ile nguzo. Wewe njoo taratibu. Umeshafika, bado kidogo tu."

Na akaondoka! Aliondoka na miguu yake ya korongo, ile saba ya manjano ikipotea katikati ya watu, akamwacha mgonjwa ameshikilia reli ya daraja. Hakugeuka kuangalia nyuma. Arlene aliyatamka maneno ambayo mama wa kanisa hapaswi kuyajua, moja baada ya jingine, na kila neno lilimgharimu pumzi, na hakujutia hata moja.

Alishuka daraja. Alifika kwenye foleni ya mikoba, watu kama sabini mbele yake, na hapo ndipo alipoisikia.

Ilitoka nyuma ya miti, upande wa pili wa geti. Kwanza matarumbeta, kisha ngoma ndogo zinazokoroma, na chini ya zote ile kubwa. Dum. Dum. Dum. Arlene aliijua. Aliisikia karibu kila jioni majira yote ya kiangazi kutoka gereji ya binti yake, madirisha yakitetemeka. Akajaribu kusukuma watu, "Samahani, samahani, mjukuu wangu," lakini sauti haikutoka, na macho yakaanza kuona giza. Mlinzi mmoja akamuwahi na kiti cha plastiki. Akakikalia. Mbele yake palikuwa na pipa la taka lililopakwa maua. Basi alilitazama pipa hilo huku gwaride la Brenna likipita, dakika zote nne, mpaka ile ngoma kubwa ikafifia na watu kule ndani wakapiga makofi. Alilia kwa hasira, machozi yakamchuruzikia mpaka kidevuni wala hakuyafuta.

Alipofika kwenye nguzo ya tatu, barabara ilikuwa inafagiliwa. Verlin alikuwa pale, ametoa simu.

"Umeikosa kidogo tu!" alisema. "Lakini nimekurekodia."

Ilikuwa video ya sekunde kumi na moja, na sehemu kubwa ilikuwa kofia ya mtu.

Arlene alikodi kiti cha magurudumu pale pale ndani ya geti, akakaa, akamwashiria amsukume. Verlin alisukuma. Kwa saa mbili nzima hawakusemezana, na Verlin, kwa jinsi alivyo, aliona mambo yametulia.

Saa sita bendi walipewa ruhusa ya kula, na Brenna akaja mbio na wenzake wawili, bado amevaa suruali ya sare, nywele zimelowa jasho. Akamkumbatia bibi yake palepale kitini.

"Bibi, umeamka vizuri sasa? Ulinitia wasiwasi!"

"Nimeamka?"

"Babu alinitumia ujumbe. Kasema ulichoka na safari ukapitiwa na usingizi, akakuacha ulale." Mtoto alikuwa anacheka, lakini macho hayakucheka. "Si kitu, Bibi. Nilimwona Babu kwenye nguzo ametanua mikono, pembeni yake pako wazi. Nikageuza macho mara mbili, nikadhani labda umejificha nyuma yake. Si kitu kabisa."

Arlene akamtazama Verlin. Verlin alikuwa ameshika paja la bata mzinga, analichunguza kana kwamba hajawahi kuliona.

"Brenna, mwanangu, sikia..."

Filimbi ikalia. Mwalimu wa bendi alikuwa anakusanya watu wake, ana ratiba, hana mzaha. "Basi letu linaondoka saa kumi, Bibi, pale pale kando ya geti!" Brenna alisema, akambusu shavuni, akakimbia. Akaenda na ule uongo wa babu yake, kwamba siku pekee ya gwaride lake bibi yake alilala.

"Ulimwambia mtoto nililala," Arlene alisema. Alisema polepole sana.

"Ningemwambiaje, mama? Ningesema umeshindwa kutembea? Sikutaka akuonee huruma."

"Usinichezee akili, Verlin. Hukutaka ajue kwamba zile dakika saba si dakika saba. Bora mimi niwe mvivu kuliko jedwali lako liwe na kosa."

"Jedwali halina kosa," Verlin alisema.

Basi ndivyo alivyojibu, mtu mzima hovyo! Angeweza kusema nisamehe. Maneno yako mengi duniani, na yeye akachagua hayo.

Kuanzia hapo Arlene alitulia, na wanaomjua wangempisha njia. Alijua anachotaka: kabla basi halijaondoka, Verlin amwambie mtoto ukweli kwa mdomo wake mwenyewe. Akamwambia hivyo. Verlin akasema sawa, lakini baada ya mkutano. Arlene akamwambia basi ni saa kumi, na mkutano unaanza saa nane na nusu. Verlin akasema watu wametoka majimbo kumi na mawili.

"Haya bwana," alisema Arlene. "Na mimi nitahudhuria."

Arlene alirudisha kile kiti getini, maana hakiruhusiwi nje, akajikongoja benchi kwa benchi mpaka Cypress, Verlin ameshatangulia zamani. Ukumbi ulikuwa wa manjano mtupu. Watu kama hamsini, saba vifuani, vikombe vya plastiki mikononi, na ukutani jedwali limeangazwa kubwa kama pazia: Regatta, Cypress, Sunburst, safu thelathini na moja. Mwenyekiti, Doyle Hutchins, jitu la Indiana lenye sauti ya mnadani, alimwona Arlene akaruka.

"Shemeji Arlene! Jamani, mpisheni mke wa mfalme! Shemeji, unaishije na mtu mwenye akili hivi?"

"Kwa shida," alisema Arlene, na watu wakacheka. Akakaa mbele kabisa.

Verlin akaanza. Alizungumzia mito mipya ya Sunburst. Alizungumzia boti za Regatta, ambazo mwaka huu alizipima na kuona zinachelewa kwa wastani wa dakika nne. Watu waliandika. Alikuwa anapendeza pale mbele, ukweli usemwe, ameegemea gurudumu lake, amepata wekundu mashavuni. Saa tisa ikapita. Saa tisa na robo. Doyle akauliza kwa mbwembwe, "Na Cypress, mzee, bado ni ngapi?" na umati ukajibu kwa pamoja, kama walivyozoea, "Saba!"

Arlene akasimama.

"Mwongo," alisema.

Haikuwa sauti kubwa. Mapafu yake hayakuwa na sauti kubwa. Lakini aliyekuwa anakunywa akaacha kunywa.

"Shemeji, ni utani huo?"

"Doyle, kaa chini." Doyle akakaa. "Leo asubuhi mjukuu wangu amepiga gwaride hapa. Mara moja katika maisha yake. Mimi nilikuwa na kigari cha umeme, huyu bwana akakifuta, kwa siri, ili nyinyi msinione nimekikalia. Akanitembeza. Nikashindwa darajani. Akaniacha pale, akaenda kushika nafasi. Kushika nafasi ya nani, kama mwenyewe umemwacha darajani?" Akavuta pumzi. Walingoja. "Nimelisikia gwaride nikiwa nimekalia kiti cha mlinzi, natazama pipa la taka. Halafu akamwandikia mtoto kwamba bibi yako amelala. Sasa niambieni, nyinyi wenye fulana. Nani humu ndani amewahi kufika getini kwa dakika saba?"

Verlin alikuwa mwekundu mpaka kwenye upara.

"Mimi ni kumi na nane," alisema mama mmoja mwenye mapacha. "Na hawa watoto. Nilidhani kasoro ni yangu."

"Mimi ni ishirini," alisema mzee wa mkongojo. "Nilidhani nimezeeka vibaya."

"Mimi kumi na tatu," alisema Doyle, na kitambi chake.

"Sasa mbona hamkuniambia?" Verlin akafoka, sauti imempasuka. "Miaka tisa! Mbona hakuna aliyesema?"

"Nani akubishie wewe, mzee?" alisema Doyle. "Una gurudumu."

Arlene akatundika mkoba begani. "Saa tisa na dakika ishirini," alisema. "Basi la Brenna linaondoka saa kumi, kando ya geti. Verlin, chukua hilo gurudumu lako. Tunatembea, wewe na mimi, na utakwenda mwendo wangu. Ukifika utamwambia mtoto ulichokifanya."

"Mama, muda hautoshi. Acha nitangulie nikalizuie ba..."

"Ng'o! Kutangulia kwako nimeshakuona. Ukinitangulia hatua moja, Verlin Stumpf, Ohio utarudi peke yako."

Waliondoka. Hakuna aliyewafuata, ila wote walitoka mlangoni kutazama.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa Verlin kuipita njia ile yote polepole. Gurudumu lilitoa ule mlio wake, tik, tik, halafu likanyamaza, kwa sababu Arlene alikuwa amekaa. Likaanza tena. Likanyamaza. Kwenye benchi la pili Verlin alibaki amesimama, anaangalia saa yake, mpaka Arlene alipomwambia, "Keti. Ukisimama hivyo unaninyima hewa." Akaketi. Akamsikia anavyovuta pumzi, kwa karibu, bila mluzi, bila kahawa. Kwenye daraja Arlene alishika reli kwa mkono mmoja na fulana ya Verlin kwa mwingine, aliishika pale kwenye saba, akaifinya.

"Ilikuwa hivi asubuhi?" Verlin aliuliza.

"Asubuhi ilikuwa hivi bila mtu wa kumshika."

Hasira za Arlene hazikupungua hata tone, tusidanganyane. Zilimsukuma kuliko miguu.

Basi la bendi lilikuwa linanguruma walipolifikia, ngoma zimeshapakiwa tumboni, mwalimu anahesabu vichwa. Brenna akawaona kupitia dirishani akashuka.

"Bibi! Mbona umetembea? Unatweta!"

Arlene hakuweza kuongea. Akamsogeza Verlin mbele kwa kiganja mgongoni.

"Brenna," alisema Verlin. "Bibi yako hakulala leo. Aliamka kabla yangu. Mimi nilifuta kigari chake, nikamtembeza, akashindwa njiani, nikamwacha. Alikuwa nje ya geti hapo ulipopita. Nilikudanganya."

Brenna aliwatazama, mmoja baada ya mwingine. Sura ya kitoto ikamtoka.

"Ulimwacha wapi?"

"Darajani."

"Unamkumbuka Wesley, Babu?" alisema. Verlin akatikisa kichwa, hakumkumbuka. "Niliwaeleza sikukuu ya Shukrani, mezani, ukawa unaangalia kompyuta yako. Wesley ndiye mfupi kwenye mstari wetu wa ngoma. Sisi wenye miguu mirefu tunafupisha hatua kwa ajili yake, wote wanne, mazoezi ya miezi mitatu. Si yeye anayekimbia." Akafuta pua kwa mkono wa sare. "Nilikuona umetanua mikono. Nikajivunia babu yangu, jinsi anavyomshikia Bibi nafasi. Kumbe hukuwa na mtu wa kumshikia."

Mwalimu akaita. Brenna akamkumbatia bibi yake kwa nguvu. Babu akapewa mkono tu, kama anavyopewa mgeni, kisha Brenna akapanda.

Basi likarudi nyuma, likageuka, likawapitia mbele. Brenna alikuwa amekaa dirishani, mgongo wima, kidevu juu, shingo imenyooka kutazama mbele kama walivyofundishwa. Alipofika usawa wa bibi yake aligeuza macho tu. Arlene akasimama wima kadiri alivyoweza, akainua mkono, akabaki ameuinua mpaka basi likapotea kwenye kona.

Kisha akakaa kwenye ukingo wa barabara. Verlin naye akakaa, gurudumu katikati yao. Alitoa simu akafungua lile jedwali, akagusa safu ya kwanza, akafuta ile saba. Kishale kikawa kinapepesa mahali patupu.

"Nimeangalia," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kutembea kwenyewe ni dakika kumi na sita. Kumi na tatu zilikuwa za kupumzika. Niandike kumi na sita?"

"Andika ishirini na tisa," alisema Arlene. "Hayo mapumziko ndiyo mimi."

Verlin akaandika.